Kuanzia Nyuma

Mwalimu Eufrazia hakuwa mtu wa maneno matamu, na wanafunzi wake wa dansi ya baleti walilijua hilo tangu siku ya kwanza. Kila Jumamosi asubuhi, kwenye ukumbi wa parokia Morogoro mjini, aliwapanga kando ya bomba la maji alilolifunga ukutani liwe la kushikilia, akawafokea mpaka jasho liwatoke. Baleti aliijua mwalimu huyo. Au tuseme alikuwa akiijua, maana hapo ndipo penye balaa lenyewe.

Mazoezi ya bombani hufanywa mara mbili. Kwanza ya kawaida: mguu unanyooshwa mbele, pembeni, nyuma, kisha kidole kinachora nusu duara sakafuni kutoka mbele kwenda nyuma. Halafu yanageuzwa, unaanzia nyuma mpaka uishie mbele. Hapo ndipo watoto hulia. Shadia, mwenye bidii kuliko wote, alikuwa anashindwa tangu masika.

"Mwalimu, tuonyeshe kinyume mara moja tu," aliomba.

Eufrazia akashika bomba. Mguu ukaenda nyuma, vizuri kabisa. Halafu? Halafu hakuna kitu, kichwani patupu. Akakohoa, akasingizia goti. Goti gani! Goti lake zima kama la msichana.

Alijua ni nini, na kujua huko kulikuwa kunamla. Mama yake, kule Mkuyuni, alianza hivi hivi. Alikwenda sokoni na ndizi zake, akauza, akapiga soga, lakini njia ya kurudi nyumbani ikamkataa, akaletwa na majirani ameshikwa mkono. Baadaye akawa anamwita Eufrazia dada, anamwomba amrudishe kwa wazazi wao. Jamani, kuna woga na woga. Huu Eufrazia alikuwa anaamka nao na kulala nao.

"Fanyeni wenyewe," aliamuru. "Shadia, anza."

Shadia akavuta pumzi. Nyuma, pembeni, mbele, kisha nusu duara kutoka nyuma kuja mbele. Alipofunga miguu alikuwa anacheka kwa furaha.

"Mwalimu, nimepatia?"

Miaka yote ile ya kufundisha, na sasa hajui kama mtoto amepatia au amekosea. Kwa hofu akasema alichozoea kusema: "Umekosea. Rudia."

Shadia akanywea. Akaanza upya, safari hii akitanguliza mguu mbele, kwa sababu alimwamini mwalimu kuliko miguu yake.

"Mwalimu," Angelina, mkubwa wao, alisema taratibu, "alikuwa amepatia."

Eufrazia angeweza kufoka, ila nguvu hakuwa nazo. "Basi mwelekezeni nyie. Mimi imenitoka. Imenitoka, wanangu."

Shadia akamshika mkono, akauweka bombani, akasimama mbele yake. "Tufuatane, Mwalimu. Nyuma. Pembeni. Mbele." Wakafanya pamoja, wakarudia, na kila wakirudia Eufrazia alikwenda sawasawa naye, mpaka moyo ukaanza kumdanganya kuwa imemrudia.

"Sasa peke yako," Shadia alisema, akasogea kando.

Eufrazia akanyoosha mgongo. Mguu ukaenda mbele, pembeni, nyuma, safi kabisa, kama alivyowafundisha siku zote. Akafunga miguu, akamgeukia Shadia akitabasamu, akisubiri asifiwe.