Ukurasa wa Majaribio

Mume wangu ni fundi cherehani, na ana ugonjwa mmoja: hawezi kusema hajui. Ofisi ya kodi ilipotangaza kwamba wafanyabiashara wadogo wote wataanza kuwasilisha taarifa za mapato kwa simu, safu yetu ya vibanda ilijaa wasiwasi. Yeye akasema hilo jambo dogo, wamwachie. Jina la Mtaalamu lilimwingia siku hiyo hiyo, naye akalivaa kama suti.

Tangu hapo ikawa jioni anafunga kazi mapema. Muuza vitambaa, kinyozi, fundi viatu, wote walimletea simu zao na mahesabu yao. Alijaza mauzo, akajaza matumizi, akabonyeza, na alama ya kijani ikatokea pamoja na maneno ya shukrani. Hakuchukua hata senti, lazima nimpe haki yake. Alichotaka ni kuitwa. Na mimi nisijifanye malaika, nilipenda kuitwa mke wa Mtaalamu. Muuza vitambaa alinipunguzia bei nami nikapokea.

Taarifa yetu wenyewe aliijaza binti yetu, kazini kwake. Hilo tulilinyamazia.

Ni huyo binti aliyekuja kutupasulia jipu. Alimkuta baba yake akimwonyesha kinyozi taarifa aliyomjazia, akasubiri mpaka kinyozi aondoke, kisha akauliza kwa upole kwa nini alitumia ukurasa wa majaribio. Ule ni wa kujifunzia, alisema. Unachojaza humo hakifiki popote. Mume wangu alicheka kidogo. Halafu akakaa. Muda wa kuwasilisha ulikuwa umeshapita, na faini ingewaangukia wote waliomwamini.

Nilimfokea mpaka nikachoka, nikamwambia avae viatu twende tukawaambie. Tulianza na fundi viatu, kwa sababu ni mtu mzima na ndiye mnyonge kuliko wote. Faini ile kwake ni pango la chumba. Mume wangu alieleza huku akitazama soli zilizotundikwa ukutani. Hakujitetea. Mimi niliona aibu hadi masikio yakawaka moto.

Fundi viatu alisikiliza, msumari ukiwa bado mdomoni. Akautoa.

"Na yako, mwanangu? Nayo imepotea?"

Mume wangu akanitazama. Alikuwa anataka kusema kweli, ninamjua. Lakini mimi nilishawaza watakavyosema watu: yake ilifika, zetu akazichezea.

"Hata yetu haikufika, mzee," nikadakia.

Uso wa mzee ukalainika. Alisema basi tumeumia pamoja, na kwamba tusiende kwa wengine peke yetu, watatutafuna. Akafunga kibanda chake mchana kweupe, wateja wakimwona, akamshika mume wangu mkono.

Kwa kinyozi alitangulia kuingia yeye. Sauti yake ilitufikia mlangoni.

"Msimlaumu huyu. Hata yake imepotea."

Akarudia hivyo hivyo kwa muuza vitambaa, naye muuza vitambaa akanishika bega na kunipa pole. Niliipokea. Mume wangu alikuwa amesimama pembeni yangu, na tangu tutoke kwa fundi viatu hakuwa amenitazama tena.