Ng'ombe wa Kwandu

Mzee Ndassa aliingia dukani kwangu Jumanne moja ya mwezi wa sita, kompyuta ameifunga ndani ya kanga na kuipakata kwa mikono miwili. Duka langu liko Biharamulo mjini. Natengeneza simu na kompyuta, nachapa barua, napiga picha za vitambulisho. Nilimwamkia, akaitikia, akakaa kwenye benchi na kuuweka mzigo wake magotini.

"Wewe ndiye Yasmini, binti Haji?"

"Ndiye mimi, mzee."

"Nimeambiwa unatibu hizi."

"Najaribu. Inaumwa nini?"

"Yenyewe haiumwi," alisema. "Wanaoumwa ni ng'ombe waliomo ndani."

Nilidhani sikumsikia vizuri. Yeye hakucheka. Aliifungua ile kanga, akaiwasha kompyuta mwenyewe, akasubiri kidole kikiwa hewani mpaka kioo kikatulia. Akabofya mara mbili penye picha ya ng'ombe, kisha akabonyeza kitufe cha F3. Hayo matatu tu ndiyo aliyoyajua katika kompyuta nzima, na aliyafanya polepole kama anayeogopa kuvunja kitu.

Ukatokea mchezo wa shamba, wa zamani kidogo, uliotengenezwa kwa ajili ya zile mashine za kuchezea zinazochomekwa kwenye televisheni. Kwenye kompyuta hauwezi kucheza mpaka uweke programu ya kuigiza mashine hiyo. Vijana huiita emuleta. Niliona malisho ya kijani, uzio wa mbao, jua la jioni, ng'ombe kumi na mmoja, na msichana mwenye kofia amesimama langoni mwa zizi.

Ng'ombe mmoja akaanza kunyanyua mguu. Mguu ulipanda, ukakwama, ukashuka. Sauti ilitoka vipandevipande. Mlio uliotakiwa kuwa wa pumzi moja ulivutika mpaka ukawa mkoromo.

"Umesikia?" Mzee aliniuliza. "Hivyo ndivyo walivyolia wangu."

Ndipo akanieleza. Yeye ni Msukuma, alihamia kijiji cha Nyabusozi akitokea Shinyanga, akaja na mke wake Rozalia na ng'ombe wachache. Mungu aliwajalia mtoto mmoja tu, binti yao Kwandu, na huyo ndiye aliyekuwa mchungaji wake kabla na baada ya shule. Kila ng'ombe Kwandu alimpa jina. Kisha ndigana, homa iletwayo na kupe, ikaingia zizini, na kwa mwezi mmoja ikawamaliza wote kumi na mmoja. Mzee mwenyewe aliwachoma sindano, mwenyewe akawafukia. Kwandu alikuwa kidato cha sita mwaka ule.

Baadaye alipata kazi ya kujitolea kufundisha huko Ntobeye, wilaya ya Ngara. Akanunua hii kompyuta iliyokwisha tumika, pale Benaco, huko huko Ngara. Alipokuja likizo alimwita baba yake akae karibu. "Baba, njoo uone." Ndani ya mchezo ule mtu anaruhusiwa kuwapa ng'ombe majina. Alikuwa amewafuga upya, mmoja baada ya mwingine, kwa majina yao: Madoa, Subira, Mapembe, Mama Mvua, wote.

"Nilicheka siku ile," Mzee alisema. "Nilikuwa sijacheka tangu nifukie wa mwisho."

Mwezi wa tatu Kwandu alipanda pikipiki kutoka njia panda ili awahi nyumbani. Lori likawagonga kabla hawajafika Lusahunga. Kompyuta ilikuwa ndani ya begi lake la nguo. Haikupata hata mkwaruzo.

"Kila siku jioni nawafungua," alisema. "Siwagusi. Nawatazama tu. Lakini wanazidi kudhoofika, binti. Mwanzoni walikuwa wanatembea. Sasa hata kutafuna hawawezi."

Nilimwambia ng'ombe ni wazima, ni kompyuta ndiyo iliyochoka, na nikamwomba aniachie mpaka Jumatatu. Alipofika mlangoni aligeuka.

"Usiwahamishe," alisema. "Warekebishe miguu tu."

Kazi ile niliipenda, na sitaficha hilo. Kompyuta ilikuwa dhaifu kweli: kumbukumbu ya kufanyia kazi ndogo, diski ya zamani, haina kadi yake ya picha. Niliifungua, nikatoa vumbi jekundu lililokuwa limeizuia feni kuzunguka. Prosesa, ubongo wa kompyuta, ilikuwa inachemka, na ikichemka inajipunguzia kasi isiungue. Nikaifuta, nikaipaka dawa mpya ya kupooza. Nikachomoa kipande cha kumbukumbu kwenye kompyuta mbovu iliyokuwa stoo, nikaiongezea. Nikazima programu zote zilizokuwa zikijiwasha zenyewe na kula nguvu bure. Nikakuta imepangwa kubana umeme, kwa sababu kule kwa Mzee wanatumia sola. Nikaipanga itumie nguvu yake yote.

Kisha nikaingia kwenye emuleta yenyewe. Kwandu alikuwa ameweka picha iwe kubwa na safi kuliko mashine ile ilivyoweza kubeba. Nikaishusha mpaka kipimo cha asili cha mchezo, nikaondoa vivuli na madoido. Mwanzoni mwendo ulikuwa asilimia hamsini na tano ya kasi kamili ya mchezo. Ukapanda, sabini, themanini, themanini na nane. Madoa alikuwa anatembea. Subira alishusha kichwa akang'oa majani, na nikasikia mlio wake mzima, mzito, usiokatika. Nilijikuta nimeweka mkono kifuani.

Ningeishia hapo. Asilimia themanini na nane zingemtosha Mzee Ndassa. Jicho lake lisingeona tofauti. Lakini mimi nilitaka mia. Nilisoma mtandaoni kwamba kuna toleo jipya la emuleta ile, jepesi kwa kompyuta dhaifu. Nikalishusha siku ya Ijumaa mchana, nikaliweka juu ya lile la zamani, na sikunakili kitu chochote pembeni kwanza. Miaka tisa nafanya kazi hii. Kila anayekuja kujifunza kwangu, jambo la kwanza ninalomwambia ni anakili kabla hajagusa. Siku ile sikunakili.

Niliuwasha mchezo. Ukafunguka kwa kasi kamili, muziki wa mwanzo ukapiga bila kukwaruza. Nilitabasamu, nikabonyeza F3 kama Mzee alivyonionyesha.

Kwenye toleo la zamani Kwandu alikuwa amevipanga vitufe mwenyewe, na F3 ilikuwa ya kufungua pale alipoachia. Toleo jipya lilikuwa limerudisha mpangilio wake, na humo F3 ni ya kuhifadhi. Maandishi madogo yakatokea kwenye kona ya kioo: imehifadhiwa. Nafasi ya kuhifadhia ilikuwa moja tu. Palipokuwa na malisho, na zizi, na ng'ombe kumi na mmoja, na msichana langoni, sasa palihifadhiwa ukurasa wa mwanzo wa mchezo, mtupu, unaomwambia mtu abonyeze kuanza.

Nilijaribu kila njia ninayoijua ya kufukua kilichofutwa. Kilikuwa hakijafutwa tu, kilikuwa kimeandikiwa juu. Jumamosi sikufungua duka, nikaipeleka ile diski mpaka Ngara kwa fundi Laurian, ambaye ananishinda kwa mbali katika mambo hayo. Aliihangaikia tangu asubuhi mpaka saa kumi. Mwishoni aliivua miwani yake.

"Dada Yasmini, humu hamna," alisema. "Mwenyewe hakuhifadhi kwa njia ya kawaida ya mchezo?"

Kwandu alikuwa amehifadhi, mara moja, siku ya kwanza kabisa. Kuhifadhi kwa kawaida kulimtaka mchezaji amtembeze yule msichana mpaka nyumbani, apande kitandani, alale. Kwa mwendo ule wa kompyuta ingekuwa kazi ya dakika nyingi kila mara. Ndiyo maana Kwandu aliacha, akawa anatumia kitufe. Katika hifadhi ile ya siku ya kwanza kulikuwa na kibanda, magugu, na zizi lisilo na mnyama hata mmoja.

Jumatatu Mzee Ndassa alikuja na Rozalia, mke wake. Walikuwa wamevaa nguo za kanisani. Rozalia alibeba kapu la viazi vitamu na maharage mabichi, akaniwekea juu ya kaunta na kunishika mkono.

"Asante, mwanangu. Amenisumbua tangu juzi, eti ng'ombe watakuwa wamepona."

Nilikuwa nimepanga maneno usiku kucha. Yote yalinipotea. "Mama, kaeni kwanza," nilisema, "nimewapoteza."

Mzee hakuelewa. Nilieleza tena, nikaeleza kitufe, nikaeleza kosa langu bila kulipunguza. Alinisikiliza kichwa amekiinamisha.

"Wote?" aliuliza.

"Wote, baba."

"Hata Subira?"

"Hata Subira."

"Na yule binti wa langoni?"

Hapo nilianza kulia, na aibu ya kulia mbele ya wafiwa ikanifanya nilie zaidi. Rozalia ndiye aliyenishika bega, yeye aliyefiwa. Mzee aliinuka. Aliigusa kompyuta juu ya kifuniko kwa kiganja, akakiacha hapo kidogo.

"Nilikuambia miguu tu," alisema. Hakupandisha sauti. Akatoka.

Rozalia alimfuata, na kompyuta ikabaki.

Niliitunza wiki mbili kabatini. Wiki ya tatu nikaona siwezi kuendelea hivyo, nikaifunga vizuri, nikapanda basi mpaka Nyabusozi. Nilimkuta Rozalia uani anapura maharage. Aliniletea kigoda, akaipokea kompyuta, akaipeleka ndani kwenye sanduku la nguo za Kwandu. Aliporudi alikaa karibu nami.

"Siku ile mzee alianza kulia kituo cha basi," alisema. "Akalia njia nzima, watu wanatutazama. Msibani hakutoa chozi. Ndugu zake walitoka Shinyanga wakamsema, wakasema ana moyo wa jiwe. Mimi nililala naye nyumba moja miezi mitatu nikingoja alie."

"Nimemuumiza, mama."

"Umemuumiza," alisema. Akarudi kwenye maharage yake.

Mzee Ndassa alirudi kutoka shambani mchana. Alikuwa amekonda. Alipoitikia salamu yangu nilijua hajanikasirikia, na ingekuwa afadhali angenikasirikia. Alikaa chini, akanyoosha miguu, akasema akitazama zizi lake tupu ambalo boma lake limeanza kuota majani:

"Nitakuambia kitu, binti Haji. Kila jioni nilipokuwa nawafungua, yeye alikuwa amesimama pale langoni. Jua halijazama. Ng'ombe hawajaingia. Mimi nilikuwa najiambia, Kwandu bado ana kazi, ndiyo maana hajaja kula. Nilikuwa najua ni uongo. Lakini ulinifikisha asubuhi."

Nilisogeza kigoda changu karibu naye.

"Sasa jioni ikifika sina pa kumtazama," alisema. "Nakwenda makaburini, naona udongo. Naingia chumbani kwake, naona kitanda. Yeye mwenyewe simwoni."

Nilimwambia anisamehe. Alisema amekwisha nisamehe, kwamba hata yeye aliwachoma ng'ombe wake sindano akitaka wapone. Alilisema kwa upole, na uso wake haukubadilika.

Rozalia alileta ugali na mlenda, akatunawisha mikono mmoja mmoja. Tulikula watatu kwenye sinia moja. Mzee alimega tonge, akalifinyanga, akakaa nalo mkononi. Mke wake alimtazama, akamsogezea bakuli la mboga karibu zaidi. Yeye alibaki ameinama, tonge likipoa kiganjani.