Kiraka cha Navalayo

Kila Jumanne akina mama wa kanisa huko Lugari walikutana kushona blanketi la viraka la kupeleka kwenye maonyesho ya Kakamega. Ulikuwa mwaka wa pili wa uhuru. Kila mmoja alileta kiraka kilichokatwa kwa kipimo cha jalada la kitabu cha nyimbo, ili vyote viwe sawa mbele ya Mungu na mbele ya jaji. Kuviunganisha ilikuwa kazi ya Navalayo, mjane mwenye mkono mwepesi na ulimi mwepesi zaidi.

Jumanne ya tatu blanketi lilikataa kulala sawa. Kiraka cha Priscah, mke wa karani wa mashamba, kilikuwa kimekua hadi kikatosha kufunika meza. Cha Navalayo, kilichotoka kwenye shati la marehemu mumewe, kilikuwa kimebaki kama ukucha.

"Mimi nilikata kwa kipimo cha kitabu kama nyinyi wote," Priscah alisema. "Kama kimenona, kimenona chenyewe."

Navalayo alifumua, akapunguza, akashona upya. Jumanne iliyofuata kiraka cha Priscah kilikuwa kimenona tena. Navalayo aliumia, kwani jaji angekuwa afisa wa mashamba mwenyewe, na Navalayo alitaka mshono wake safi umkumbushe afisa huyo kwamba yupo. Alikuwa amelima shamba la mzungu miaka kumi na mmoja. Lilipogawanywa, karani, mume wa Priscah, aliandika orodha ya watakaopewa na jina la Navalayo halikuonekana.

Siku ya maonyesho afisa alilipima blanketi kwa rula, akakunjua ramani ya mashamba, akalinganisha. Kila kiraka kililingana na shamba la aliyekileta, hadi kona ya mtoni. Alifurahi sana. Alisema ramani ndiyo ilikuwa na makosa mawili matatu.

"Na hiki changu?" Navalayo aliuliza.

Afisa alivaa miwani, akainama. "Kiko, mama. Ni pale mzee wako alipozikwa. Na mshono ni safi sana."

Blanketi likashika nambari ya kwanza, likatundikwa ofisini mahali pa ramani. Zawadi ilikuwa jembe jipya, na akina mama walimkabidhi Navalayo kwa vigelegele. Alicheka mpaka machozi, akamwambia jirani yake Chepkemoi kwamba mpini umetangulia, udongo uko njiani.

Jumatatu aliamka mapema, akalitia jembe lake begani, akaenda kupalilia mahindi huku akiimba. Shamba lilikuwa la Priscah.