Nguzo Isiyovua Koti

Fundi Timazi alikuwa na nongwa na kalibu za shemeji yake. Yeye kalibu aliyoijua ni ya mbao: unamimina zege, likikauka unang'oa mbao, unaliona uso kwa uso. Sasa mume wa dada yake kaja na maganda ya gundi na nyuzi za kioo, mepesi kama ungo, yanayobaki na nguzo milele.

"Asiyetaka kuvua koti ana jambo," alimwambia dada yake. "Na nyumba hii utalala wewe."

"Kaka, wewe hata uji unaupima kwa timazi kama ukuta."

Zege la ghorofa lilikuwa limwagwe kesho yake. Jioni hiyo, dada na mumewe wakiangalia, Timazi akaizunguka nguzo ya kona na nyundo, akigonga kama daktari mgongoni mwa mgonjwa. Ti, ti, ti. Usawa wa kiuno: bwo, kama debe tupu. Moyo ukamruka, na nusu ya mruko ule, Mungu amsamehe, ilikuwa furaha.

"Shemeji, nguzo yako ina njaa."

"Imeshiba hiyo."

"Basi niipasue tumbo."

"Pasua."

Timazi akakata kidirisha. Zege lilikuwa zima, halina hata tundu la sisimizi. Ila ganda lilibanduka lenyewe, kama la yai la kuchemsha.

"Si nilisema? Gundi feki hiyo."

Shemeji alipitisha kidole nyuma ya lile ganda, penye mchanga alioupachika makusudi ili zege lipate pa kuuma. Kidole kikatoka cheusi. Akampa mkewe anuse.

"Oili chafu," dada alisema. "Nani kapaka oili?"

Macho ya Timazi yalikwenda yenyewe kwenye kopo na brashi yake. Mikono ya miaka mingi haiombi ruhusa: kalibu ni lazima ipakwe oili ndani kabla ya kumimina, zege lising'ang'anie.

"Ganda na zege ni pete na chanda, shemeji," alisema mume wa dada. "Hubeba mzigo pamoja. Wewe umepaka chanda sabuni."

"Nilidhani..."

"Hii inabomolewa. Kesho hatumwagi. Ulipaka ngapi?"

"Hii tu. Oili iliniishia."

Shemeji alimpokonya nyundo taratibu, akaiendea nguzo ya pili. Timazi akabaki kasimama na dada yake, akitega sikio.

Ti, ti, ti.

"Endelea chini kidogo," dada alimwambia mumewe. "Huyu simwamini."