Marahaba Iliyofungiwa Ng'ambo

Jumatatu Sabiha alifika kazini Bagamoyo, akatundika mkoba wake nyuma ya mlango, akafunika kikombe cha chai kwa kisahani ili inzi wasimtangulie, kisha akawasha kompyuta. Kituo kile kilikuwa cha utafiti wa magonjwa, nayo kazi yake ilikuwa kutafuta mafaili ya vinasaba. Damu ya watu wa Pwani husomwa ng'ambo, na ikishasomwa yaliyosomwa hubaki huko huko, kwenye maghala ya kompyuta ambayo hata wenyewe hupotea ndani yake.

Kwa ajili hiyo palikuwa na programu ndogo ambayo wafanyakazi waliiita Mjumbe. Ukiipa namba ya sampuli, huzunguka maghala yote na kurudi na viungo, yaani anwani za mtandao ambako mafaili ya sampuli hiyo hupakuliwa. Waliipa jina hilo kwa sababu, kama mjumbe wa nyumba kumi, ilijua kila mtu anakaa wapi lakini haikuwa na ufunguo wa nyumba ya mtu.

Siku hiyo Sabiha aliipa namba ya mama yake.

Mama huyo, Mwanvita, alikuwa amefariki kwa figo kijijini Mkange. Kabla hajalala kitandani moja kwa moja, watafiti walikuja wakamtoa damu, wakamwachia kikadi chenye namba, wakamwahidi kuwa ataletewa majibu: kama maradhi yale yamo katika damu ya ukoo au yamemjia yeye tu. Kikadi alikifunga kwenye pindo la khanga, akangoja. Majibu hayakuja, akatangulia yeye. Sasa Adija, mdogo wake Sabiha, alikuwa akivimba miguu kila jioni, vile vile alivyoanza mama, na daktari alisema hawezi kujua amtibu vipi bila kujua kama ni ya ukoo. Kipimo hicho hakifanyiki hapa nchini. Sabiha aliona ujinga kutafuta upya kitu ambacho kilikwisha kupatikana.

Mjumbe ikarudi na viungo. Sabiha akabonyeza cha kwanza, na chini ya meza zikaja nyayo za mama yake, na ule ufa wa kisigino. Akasogeza kiti asije akazikanyaga.

Mtandao wa kituo una tabia zake. Asubuhi mama alikuja vizuri mpaka magotini. Wafanyakazi walipoanza kuangalia harusi za watu kwenye simu, akapunguza mwendo. Umeme ulipokatika alibaki kiunoni hadi fundi wa jenereta alipomaliza kula. Dakta Alawi, mkuu wa kituo, alipita wakati huo, akatazama, akauliza kama mgeni ameandikishwa getini. Sabiha akajibu kuwa bado. Dakta akasema, basi, akishapata mikono aende akatie sahihi.

Alasiri alikamilika, na pengo lake la mbele. Sabiha alilia kwa furaha, akapiga magoti.

"Shikamoo, mama."

Mama akafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Sabiha akageukia kompyuta, akaona kwamba faili moja lilikuwa limefungwa. Ndilo lililokuwa na habari za figo, na sauti nayo ilikuwa humo humo.

Mkange walimpokea mama vizuri. Khanga zake zilizogawiwa baada ya arobaini zikarudishwa, isipokuwa ile ya jirani yake, Bi Mgeni, aliyesema sadaka hairudi. Kurudi kwenyewe hakukumsumbua mtu. Kwao ni kwao. Kilichokera ni shikamoo. Watoto walimwamkia, naye akatikisa kichwa tu. Bi Mgeni akasema hadharani kwamba Mwanvita kakaa Ulaya siku mbili tatu, tayari anajisikia. Ikabidi Sabiha apite nyumba hadi nyumba akieleza kuwa marahaba imefungiwa ng'ambo. Wakaelewa upesi, maana kila mmoja alimjua mtu ambaye mzigo wake umekwama bandarini.

Jioni Adija alikaa mkekani mbele ya mama yake, akanyoosha miguu.

"Mama, na mimi ninayo?"

Mama akaipakata miguu ile, akabonyeza kidole gumba juu ya kifundo. Shimo likabaki. Akalitazama, akamtazama mwanawe, akafungua mdomo na kuufunga. Sabiha alikuwa mlangoni na sinia la wali, akahisi uchungu ambao hata msibani hakuuhisi, kwa kuwa siku ile angalau hakukuwa na wa kuulizwa.

Sabiha aliiandikia kamati ya ng'ambo inayoshika ufunguo wa faili lile, na mama mwenyewe akatia dole gumba. Kamati ilijibu kwa adabu nyingi. Ilimshukuru Bi Mwanvita kwa mchango wake katika sayansi, ikasikitika kuwa faili hilo hufunguliwa kwa watafiti wa taasisi za huko tu, kwa kuwa kamati ina wajibu wa kulinda siri za mshiriki dhidi ya mtu yeyote, mshiriki mwenyewe akiwemo.

Mama akazoea. Alichambua mchele, alimfukuza kuku wa Bi Mgeni kwa kupiga makofi, na usiku alilala upande wake ule ule wa kitanda.

Mvua zilipokwisha, awamu mpya ya utafiti ikafika Mkange, na kituo kikampanga Sabiha kuandikisha washiriki kwa kuwa ni mwenyeji. Mama yake alikuja akapanga foleni, mikono ya gauni imekwisha kukunjwa. Muuguzi alimtoa damu bila taabu. Mishipa ilikuwa mizuri. Jina alilitaja Sabiha. Kwenye umri akaandika ule aliofia, na kompyuta ikaukubali. Mama akapewa namba nyingine, akaenda kusimama kivulini.

Aliyefuata alikuwa Adija. Aliketi polepole kwa sababu ya miguu, akamtazama dada yake. Sabiha alikuwa na maneno ambayo kila mshiriki lazima asomewe, akayasoma kama yalivyo: kushiriki ni hiari, damu itasafirishwa, majibu mtaletewa.

"Haya, dada," Adija akasema, akanyoosha mkono.