Gari Zima la Vudee

"Zungusha tena," alisema fundi Hezroni, sikio karibu na rimu.

Sifael, dereva wa gari la wagonjwa la Vudee, akalizungusha gurudumu la nyuma lililokuwa juu ya jeki. Likalia nyiii, kelele ile ile ambayo watoto wa mlimani walikuwa wanaiiga kila akipita. Simu ilitetemeka mfukoni. Alijua ni nani. Nesi Ernesta alikuwa huko juu Vudee na Rogathe, mama mwenye uchungu wa kujifungua tangu jana, mtoto amekaa vibaya. Asipofikishwa hospitali Same leo, watampoteza yeye na mtoto.

"Fundi, fanya haraka basi, mtu anakufa!"

"Haraka gani na ugonjwa siujui?" Hezroni akalishika gurudumu juu na chini, akalitikisa. Halikucheza. "Beringi nzima. Tufungue."

Drami, bakuli la chuma la breki, ikatoka kwa nyundo, vumbi jeusi likawamwagikia miguuni. Brekishuu zinazoibana kwa ndani zilikuwa zimelika zote, chuma kinasaga chuma, na drami yenyewe ilikuwa na ufa wa kuingiza ukucha.

"Magurudumu mnayanywesha maji?"

Sifael akapangusa vumbi miguuni. Nani asiyeyanywesha? Ukiteremka Vudee magurudumu ya nyuma yanafuka moshi, unasimama kijitoni, unamwaga ndoo, psss, safari inaendelea. Ndivyo alivyofundishwa, na ndivyo alivyowafundisha wenzake, tena kwa majivuno.

"Chuma cha moto, maji baridi! Mnapasua wenyewe," Hezroni alisema. "Kupanda litapanda. Kuteremka, mtazikwa wote."

Aibu ilimchoma, lakini hasira ikaizidi. Brekishuu mpya alikuwa ameziomba kwa Humphrey, afisa usafirishaji, tangu kabla ya mvua. Akampigia.

"Bosi, naomba gari lile la pili."

"Limekwenda kumpokea mgeni. Kwani lako limezima?"

"Halijazima. Halina breki za nyuma."

"Si linatembea? Funga hayo magurudumu, panda. Usinitafutie lawama." Akakata.

Sifael alizunguka gereji kama kuku anayetafuta pa kutagia. Kisha akampigia Ernesta.

"Sista, nikipanda sitaweza kumshusha. Pigeni baragumu la msaragambo, mleteni kwa machela mpaka chini, barabara inaponyooka. Nitakuwa pale."

"Mlima wote huu, Sifael?" Akavuta pumzi. "Haya. Wacha niwaite."

Baragumu lile huwaita watu kwenye kazi za pamoja, kuchimba mifereji na kutengeneza barabara. Siku hiyo liliwaita kubeba mtu. Hezroni alipokwisha kulirudisha gurudumu, Sifael alilipeleka gari taratibu, akasubiri chini ya mlima, akienda huku na huku, akijilaani kwa kila ndoo aliyoimwaga. Jua lilikuwa limeshapinda alipowaona wanaume wakitokeza kwenye kona, wanapokezana mabega, jasho linawachuruzika, Ernesta kando akishika mkono wa Rogathe.

"Twende, jamani, twende!"

Aliendesha polepole kwenye tambarare, gia ya pili, nyuma kunalia njia nzima. Hospitalini Same, Rogathe alipasuliwa. Mtoto wa kiume, mzima, na mama mzima. Sifael alilia hadharani, hakujali.

Humphrey akafika hospitalini jioni, amechomekea shati vizuri.

"Safi sana! Sikukwambia? Zile ni kelele tu. Nimeshawataarifu wakubwa: mgonjwa amefika, gari zima. Hilo ombi lako la vipuri tuliache kwanza."

Sifael akawatazama wanaume wa Vudee waliokuja naye garini, wameketi kando ya ukuta, mabega yamevimba, mmoja kandambili zimemkatikia njiani.

"Na hawa umewataja?"

"Hao wamefanyaje?"

Sifael akachomoa funguo mfukoni, akaziweka juu ya boneti.

"Bosi, wamechoka. Wapeleke nyumbani, kisha uteremke na gari lako zima."

Wale wanaume wakageuka wote kumtazama Humphrey. Naye alizitazama funguo. Mikono yake haikutoka mifukoni.