Gundi ya Kome

Tangu madaktari wanikate utumbo, natembea na mfuko wa choo uliobandikwa tumboni. Siku moja ndani ya sauna, chumba chetu cha kuogea mvuke, mbele ya jirani yangu Veikko, joto na jasho viliubandua. Yaliyofuata sisimulii. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Toka hapo, kila Jumamosi Veikko akija na ndoo yake kuniita sauna, namwambia mgongo unauma.

Mwanangu Jarkko anatengeneza gundi huko chuo kikuu, Turku. Yeye na wenzake wamemuiga kome, yule wa baharini anayeng'ang'ania mwamba huku mawimbi yakimpiga mchana kutwa.

"Hii haijali maji, baba," aliniambia akinibandikia mfuko mpya. "Twende tukaijaribu. Mimi na wewe tu."

Haya. Nikapasua kuni mwenyewe, nikawasha jiko. Nikavua, nikapanda benchi la juu, nikayamwagia maji mawe ya moto yaliyo juu ya jiko. Mvuke uliponipiga mgongoni, nilikaribia kulia kwa raha.

Mlango ukafunguliwa. Akaingia mkubwa wa Jarkko kazini na wenzake wawili, uchi kama sisi.

"Shikamoo mzee," akasema. "Usijali, endelea tu."

Kwetu, ndani ya sauna mtu hakodolei mwili wa mwenzake. Unatazama mawe. Hawa waliniinamia tumboni, mmoja akabonyeza ukingo wa mfuko kwa kidole. Usoni hakunitazama hata mmoja.

"Ongeza maji, Jarkko," mkubwa akasema, na mwanangu akaongeza.

"Imeshika," wakasema, wakapeana mikono.

Nikavuta taulo nikajifunga, mimi, ndani ya sauna aliyoijenga marehemu baba, ambamo hajapata mtu kujifunga taulo. Siku ile ya Veikko niliona aibu kwa ajili ya tumbo langu. Safari hii niliona aibu kwa ajili ya mtoto wangu, na iliniuma zaidi.

Walipoondoka, Jarkko alibaki benchi la chini, ameinamisha kichwa.

"Niliogopa utakataa, baba."

"Ungeniomba, ningekubali."

Akajifuta uso. Sijui kama lilikuwa jasho tu.

Jumamosi iliyofuata Veikko akasimama mlangoni na ndoo yake. "Mgongo bado tu? Au siku hizi umewekwa ndani kama mwali?"

"Bado unauma," nikamjibu.

Akashuka peke yake kuelekea sauna, kule ziwani. Nikapitisha mkono chini ya shati. Mfuko ulikuwa umeshika barabara, haujalegea hata ukingoni.